Usitupe Televisheni Yako ya Zamani

Mwezi uliopita mzee mmoja wa skimu yetu alifika ofisini asubuhi na mapema. Televisheni yake ilikuwa imewekwa ghalani tangu mwaka 2015, siku ilipoacha kuonyesha picha. Sasa alikuwa amepata mtu wa kumuuzia nyingine mpya, naye alitaka kulipa kwa fedha alizoziweka za mbolea.

"Mwalimu," akasema, maana wengi huniita hivyo kwa kuwa nilisomea ualimu, "ile ya zamani imekufa."

Nikamjibu, "Mzee, haijafa. Imebadilishiwa chakula tu."

Najua wako wengine wenye shida kama yake. Basi, ndugu mkulima, soma maelezo haya pole pole kabla ya kufungua mfuko wako.

Jambo lililotokea

Televisheni ilianza katika Kenya mwaka 1962, na mtambo wa kwanza uliwekwa katika nyumba ya shamba kule Limuru. Tangu siku hizo picha zilirushwa kwa njia iitwayo analojia. Mwaka 2006 mataifa mengi yalikutana Geneva, nchi ya Uswisi, yakapatana kuiacha njia hiyo na kushika njia mpya ya dijitali. Tarehe iliyowekwa ni 17 Juni 2015.

Kenya ilianza kurusha dijitali mwezi wa Desemba 2009. Palikuwa na mabishano, na kesi ikafika mpaka Mahakama ya Juu. Mwishowe mitambo ya analojia ilizimwa kwa zamu: Nairobi kwanza, kisha miji kama Mombasa, Kisumu, Nyeri na Nakuru, halafu sehemu za mbali kama Garissa na Lodwar. Tarehe ya Geneva ilipofika, kazi hiyo ilikuwa imekwisha.

Kwa nini ilizimwa? Fikiri juu ya mfereji wa maji. Katika analojia kila stesheni ilichukua mfereji mzima peke yake. Katika dijitali stesheni zaidi ya 10 hutumia mfereji mmoja, na kila moja hupata maji ya kutosha. Mifereji iliyobaki hupewa kazi nyingine, kama vile simu za mkononi na intaneti.

Televisheni ya zamani haiwezi kusoma mawimbi haya mapya. Inahitaji mkalimani, na mkalimani huyo ni kisanduku kiitwacho king'amuzi.

Mambo ya kufanya

1. Tazama televisheni yako kwanza. Nyingi za siku hizi zina king'amuzi ndani yake. Ukiona maandishi DVB-T2 juu ya sanduku lake au katika kitabu chake, usinunue kisanduku kingine. Kama ni ya zamani, itazame nyuma. Ikiwa ina matundu matatu ya rangi, yaani manjano, nyekundu na nyeupe, king'amuzi kitaungwa hapo. Ikiwa ina tundu la eriali peke yake, mwulize fundi kabla hujanunua kitu.

2. Uliza kama kuna malipo ya kila mwezi. Viko ving'amuzi vya namna mbili. Kimoja hununuliwa mara moja, nawe ukatazama stesheni za bure bila kulipa tena. Kingine hudai malipo kila mwezi. Mwambie mwenye duka akueleze wazi, naye akuonyeshe alama ya DVB-T2.

3. Angalia eriali. Ya zamani yenye mbavu fupi mara nyingi hufaa bado. Ielekeze upande wa mtambo, uiinue juu ya paa, mbali na miti. Kumbuka kwamba analojia ilipokuwa dhaifu ulipata picha yenye chenga. Dijitali haifanyi hivyo. Ama picha ni safi, ama inakwama na kupotea kabisa. Usidhani kisanduku kimeharibika. Geuza eriali kidogo kidogo kwanza.

4. Ikiwa unakaa bondeni, mwulize jirani kabla ya kununua. Kilima kikizuia mawimbi, king'amuzi cha eriali hakitakusaidia. Utahitaji dishi la setilaiti pamoja na king'amuzi chake.

Yule mzee alinunua king'amuzi kisicho na malipo ya mwezi. Siku ya kwanza hakuona kitu, akarudi kwangu amekasirika. Kumbe eriali yake ilikuwa imefunikwa na mikaratusi aliyoipanda mwenyewe, ambayo mwaka 2015 ilikuwa bado miche. Mwanawe akaifunga juu ya mti mrefu wa ujenzi, na jioni ile wakatazama habari na utabiri wa hali ya hewa.

Fedha za mbolea hazikuguswa. Mbolea yenyewe sasa iko ghalani, mahali pale pale ilipokuwa televisheni, nayo inangoja mvua.