Kwa Nini Nondo Wengine Husafiri na Wengine Hubaki?

Msimu mmoja viwavijeshi walivamia wimbi la nyanya yangu. Baada ya siku chache tu yalibaki mabua matupu. Jirani mmoja akanong'ona eti shamba limerogwa, na macho yakaanza kumgeukia ajuza mmoja pale kijijini. Kwetu Kisii maneno kama hayo si mchezo. Wazee wameuawa kwa tetesi tu. Ndiyo maana nimeandika haya.

Kiwavijeshi ni mtoto wa nondo. Nondo huyo huruka usiku akibebwa na upepo, na anaweza kusafiri mamia ya kilomita. Mara nyingi uvamizi huanzia Tanzania na mashariki mwa Kenya mvua zinapoanza. Akitua, jike hutaga mamia ya mayai. Viwavi wakiwa wachanga ni wa kijani na hatuwaoni. Wakikua wamesongamana huwa weusi, nasi tunadai wametokea kwa usiku mmoja!

Sasa, mbona nondo wengine huenda mbali na wengine hawaendi? Mwaka 1985 wanasayansi Parker na Gatehouse walionyesha kwamba uwezo wa kuruka kwa muda mrefu hurithiwa, yaani umo katika jeni, kama vile mtoto anavyorithi urefu wa babake. Mwaka 1992 Wilson na Gatehouse wakaeleza kwamba hata siku ambazo nondo hungoja kabla ya kuanza kuzaa hurithiwa. Na ni katika siku hizo za kungoja ndipo husafiri. Anayengoja zaidi ana nafasi ya kufika mbali zaidi.

Lakini safari ina gharama. Nondo mzima huishi siku kama 10 hivi. Akipoteza siku moja angani, amepoteza sehemu kubwa ya maisha yake. Tena mafuta ya mwilini yanayomrusha ndiyo yanayotengeneza mayai. Akiruka sana kisha akose maji matamu ya maua, hutaga mayai machache.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, halafu wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nondo nao wamegawana methali hizo. Mvua ikiendelea hapa hapa, anayezaa mapema hufaulu. Ikihamia mbali, msafiri ndiye hufaulu. Kwa kuwa mvua hubadilika kila mwaka, aina zote mbili hazijaisha.

Nilipomweleza nyanya, alicheka akasema, "Kumbe ni mgeni asiyebisha hodi!" Kesho yake alimpelekea yule ajuza uji.

Basi wenzangu, tukiona viwavi shambani tumwite afisa wa kilimo mapema, wakiwa bado wadogo. Tusimtafute mchawi. Adui yetu alikuja na upepo, na siri yake ameirithi kwa wazazi wake.