Wakala wa Biashara ya Mbali: Tumkabidhi Nani?



Mama zetu wengi wa mwambao wameanzia biashara nyumbani: mabuibui, leso, achari na viungo vya pilau. Biashara ikitiwa baraka, hutamani kufika mbali. Tuchukulie mfano wa mama wa Mombasa aliyesajili kampuni yake, kisha akafungua duka Murera, upande wa Ruiru na Thika, katika Kaunti ya Kiambu. Safari ya huko ni karibu kilomita 500. Hawezi kukaa dukani mwenyewe. Hana budi kuweka mtu. Mtu huyo awe nani?

Huko Marekani, kampuni inayofanya biashara katika jimbo jingine hulazimika kuwa na wakala aliyesajiliwa, mwenye anwani katika jimbo hilo, ili apokee barua za serikali na hati za mahakama. Kwetu Kenya, usajili mmoja wa kampuni hutosha kwa kaunti zote 47. Kampuni iliyoundwa nje ya nchi, tuseme ya jamaa zetu walioko Muscat, ndiyo inayotakiwa na Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 isajiliwe hapa na iwe na mwakilishi wake nchini.

Wepesi huo ndio unaotughafilisha. Leseni ya biashara hutolewa na kila kaunti, na ile ya Mombasa haifunguzi duka Kiambu. Onyo la kaunti likiachwa dukani, kijana akaliweka chini ya mizani na kulisahau, duka linaweza kufungwa ilhali mwenyewe hana habari. Wito wa mahakama ni mzito zaidi: muda ukipita bila majibu, hukumu inaweza kutolewa bila ya sisi kusikilizwa.

Wanasira wanasimulia kwamba Bibi Khadija (r.a.), mfanyabiashara wa Makka, alimkabidhi Muhammad (s.a.w.) bidhaa zake azipeleke Sham, kabla ya utume, kwa uaminifu wake uliojulikana na watu. Hata hivyo alimtuma mtumishi wake, Maysara, afuatane naye. Hapo tunajifunza kwamba uaminifu hutangulia, na kwamba kufuatilia mali si kumdhania mtu vibaya.

Basi tutazame mambo manne. Kwanza, wakala awe mkazi wa huko, mwenye kupatikana saa za kazi. Binamu mwema ambaye kila siku yuko safarini hatufai kwa kazi hii. Pili, kila barua aipige picha na kututumia siku ile ile. Tatu, mipaka ya idhini iandikwe: apokee barua na alipie leseni, lakini asikope wala asitie saini mkataba kwa jina letu bila ruhusa. Nne, ujira wake ujulikane tangu mwanzo, na mashahidi wawili watie saini.

Wengi huona haya kumwandikia jamaa. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Aliye mwaminifu hatachukia maandishi, kwani yanamlinda yeye kama yanavyomlinda mwenye mali. Na undugu hubaki salama siku hesabu zinapokataa kulingana.

Wabillahi tawfiq.