TAKATAKA CHINI YA TAKATAKA: INAWEZEKANA?



Twaa ndoo mbili za zamani, uzitoboe matundu chini. Ya kwanza, tia muchanga wa muto. Ya pili, tia udongo wa kichuguu, uloweshe na kuushindilia vizuri, kama unavyofanya kwa kufyatua matofali. Sasa mwanga maji katika zote mbili. Katika muchanga yanapita mara moja. Juu ya udongo yanasimama.

Basi shimo la takataka za kiwanda nalo linataka sakafu ya namna ya ndoo ya pili. Kwa nini? Hapa Likasi, kiwanda cha Shituru kilianza mwaka 1929 kutoa shaba kwa kuiyeyusha katika asidi ya sulfuri. Matope yanayobaki katika kazi ya namna hiyo yana asidi, na yana shaba na kobalti kidogo. Mvua ikinyesha juu yake, maji yanashuka pamoja na sumu. Bila sakafu, yatafika kwenye visima na mito tunamoteka.

Sheria ya nchi za Ulaya ya mwaka 1999 inaonyesha ukali wa kazi hii: chini ya takataka za hatari panatakiwa udongo wa unene wa metre 5, ambao maji hupita ndani yake kwa mwendo wa sentimita 3 hivi tu kwa mwaka.

Udongo mwingi hivyo ni gharama. Ndiyo sababu wenye maarifa wamejaribu mabaki ya viwanda vyenyewe: majivu ya makaa ya mawe yaliyochanganywa na chokaa, au muchanga wa viwanda vya kusubu chuma. Huko Marekani, matope ya viwanda vya karatasi yametumiwa kufunika majalala. Sisi umeme wetu watoka hasa kwa maporomoko ya maji, kama Mwadingusha tangu mwaka 1930, kwa hiyo majivu ya namna hiyo ni haba. Tulicho nacho ni matope, na skori nyeusi za tanuru, kama zile za kilima cha Lubumbashi.

Je, zinafaa? Kila kitu kiulizwe maswali matatu.

1. Kinazuia maji? Skori ni punje punje kama muchanga. Peke yake haizuii. Inaweza kufaa juu ya sakafu, kwa kuongoza maji kwenye mifereji, lakini kwanza ijibu maswali yanayofuata.

2. Chenyewe hakina sumu? Skori ina mabaki ya kobalti, zinki na risasi. Lazima ipimwe kwanza maji yanayotoka ndani yake.

3. Kitavumilia kile kitakachowekwa juu? Sakafu iliyogandishwa kwa chokaa ni ngumu, lakini asidi huila chokaa. Leo ni jiwe, kesho ina nyufa.

Likikosa jibu jema swali moja tu, kitu hicho kisiwekwe. Anayejibu ni laboratwari, si macho.

Na wewe je? Pengine unaona matope yale mazuri, laini, ukafikiri: nitabeba toroli moja, nijaze shimo la uwanja wangu, au nisakafie shimo la takataka nyumbani. Usifanye hivyo! Utafiti uliotangazwa mwaka 2009 juu ya watu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda vya Katanga ulikuta kobalti nyingi katika mukojo wao, na katika watoto zaidi. Mutoto anacheza chini, anatia mikono kinywani.

Kwa shimo la nyumbani, udongo wa kichuguu ulioshindiliwa unatosha. Lichimbwe mbali na kisima. Na kazini, ukiona ukuta wa bwawa la matope unalowa au umepasuka, mwambie mukubwa wako siku ile ile.

Sakafu ya shimo haionekani, lakini maji tunayoteka yanaitegemea.