Mwaka Wetu wa Kwanza Ugenini

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaandikie wanafunzi, na wenzangu tuliosoma pamoja zamani, habari za maisha ya Ulaya. Nimekubali kwa furaha. Walakini sitaandika juu ya majumba marefu wala treni ziendazo kasi, maana hayo mmekwisha kuyaona katika picha. Nataka kueleza jambo moja tu ambalo sikuambiwa na mtu kabla ya kusafiri, nalo ni hili: watu wa nyumba moja huweza kupanda ndege moja, wakashuka uwanja mmoja, na hata hivyo wasifike siku moja.

Tulitoka Uganda mwezi wa Julai mwaka 2023, mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka sita, na mdogo wake wa miaka mitatu. Nilikuwa nimepata kazi katika maabara ya kupima maji mjini Leipzig, katika jimbo la Sachsen, mashariki ya Ujerumani. Mke wangu ni muuguzi. Alikuwa amefanya kazi hospitalini huko Mbale kwa miaka minane. Nyumbani kwetu twasema Kiswahili, kwa kuwa mimi ni Mgisu na yeye ni Mpadhola, na lugha hii ndiyo iliyotukutanisha.

Siku za kwanza zilikuwa siku za karatasi. Sheria ya Ujerumani yataka kila mtu aingiaye katika nyumba mpya ajiandikishe katika ofisi ya mji kabla ya majuma mawili kupita, naye lazima awe na barua ya mwenye nyumba. Karatasi unayopewa hapo ndiyo mama wa karatasi nyingine zote. Tena kodi ya nyumba ina majina mawili. Iko kodi "baridi," yaani ya vyumba vitupu, na kodi "joto," yaani pamoja na gharama za maji, taka na kupasha nyumba moto. Mwenye nyumba aweza kudai amana pia, lakini isizidi kodi baridi ya miezi mitatu. Atakayekwenda huko azikumbuke hesabu hizi, maana wengi huiona kodi baridi wakafurahi, halafu hulia wakiletewa ile ya joto.

Mimi nilifika upesi. Katika maabara yetu watu husema Kiingereza, kwa sababu wametoka nchi nyingi. Baada ya majuma mawili nilikuwa na kiti changu, meza yangu na marafiki wa kunywa nao kahawa. Basi kwa kuwa mimi nilikuwa nimefika, nikadhani wote tumefika.

Wa pili kufika alikuwa binti yetu. Kule shule ni lazima kwa sheria, na mtoto huanza apatapo miaka sita. Jumamosi kabla ya masomo, watoto wa darasa la kwanza hufanyiwa sherehe, na kila mmoja hupewa pia kubwa ya karatasi, ndefu karibu kama yeye mwenyewe, iliyojaa peremende na kalamu. Sisi hatukujua desturi hiyo. Jirani yetu mmoja, mama mzee, alitugongea mlango siku moja kabla akatuletea ya binti yetu, naye akaibeba kifuani kama askari abebaye ngoma. Siku ya kwanza ya masomo alirudi akicheka. "Baba," akasema, "hawa watu wanasema Kiswahili! Shule wanaiita Schule!" Nikamweleza kwamba ndivyo, ila sisi ndio tuliochukua kwao. Neno hilo liliingia katika Kiswahili wakati Wajerumani walipotawala Tanganyika, na neno "hela" kadhalika latoka katika Heller, senti yao ya siku zile.

Lakini maneno yanayofanana hayamfanyi mtu kuijua lugha, wala saa zinazofanana haziwafanyi watu kuijua saa. Mwalimu alituita tufike shuleni wakati waitao "halb acht." Neno kwa neno maana yake ni "nusu nane." Mimi nikafikiri ni nusu saa baada ya nane kwa hesabu ya saa za Kizungu, nikaona hapana haja ya haraka. Tulipofika, mkutano ulikuwa umekwisha. Kumbe wao huitazama saa inayokuja: saa ya nane imefika nusu tu, yaani ni saa saba na nusu za Kizungu, au kwa hesabu yetu saa moja na nusu asubuhi. Na watu wa Sachsen wamezidi, maana husema hata "robo nane," wakiwa na maana ya saa saba na robo.

Hapo nikaanza kuifikiria saa yetu sisi. Mswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, na hesabu hiyo ni nzuri kwetu, kwa kuwa tu karibu na Ikweta, ile iikatayo barabara ya Masaka, na jua hutoka karibu wakati ule ule mwaka mzima. Leipzig iko digrii 51 kaskazini. Dunia huinama kidogo ikilizunguka jua, kwa hiyo kadiri uendavyo mbali na Ikweta, ndivyo mchana unavyozidi kubadilika urefu. Mwezi wa Desemba jua hutoka Leipzig baada ya saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi. Mwezi wa Juni hutoka karibu saa kumi na moja alfajiri, likazama saa tatu na nusu usiku. Binti yetu aligoma kulala akasema, "Mama, jua lenyewe halijalala, mimi nilale?" Mtu wa kule hawezi kuhesabu saa kwa jua, atapotea. Sisi nyumbani tuliendelea na saa zetu za Kiswahili, tusijue kwamba zingetuletea hatari.

Sasa niseme habari za mke wangu. Yeye alikuwa hajafika. Vyeti vyake vya uuguzi vilitakiwa kufasiriwa na mfasiri aliyeapishwa, kisha vikapimwe na serikali ya jimbo, na muuguzi lazima awe na Kijerumani cha ngazi ya B2. Kujifunza lugha kulitaka mtoto mdogo awe na mahali pa kukaa mchana. Tangu Agosti 2013 kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki ya kupata nafasi katika shule ya watoto wadogo, lakini haki ni jambo moja na nafasi ni jambo jingine. Tulingoja miezi. Majira ya baridi yakaingia. Nikiondoka asubuhi ni giza, nikirudi jioni ni giza, na yeye yumo ndani na mtoto. Mimi nilimwona ana jiko zuri, maji moto na mashine ya kufulia, nikasema moyoni kwamba amestarehe.

Mwezi wa Februari 2024, wakati shule zimefungwa kwa likizo, mtoto wetu mdogo alishikwa na homa. Mama yake alimpa dawa ya maji ya kupunguza homa saa mbili asubuhi, na homa ilipokataa kushuka akampeleka kwa daktari wa watoto pamoja na dada yake. Msaidizi wa daktari alikuwa mama wa makamo asiyejua Kiingereza. Jambo hilo lisiwashangaze. Upande ule wa Ujerumani, kabla ya nchi kuungana mwaka 1990, wanafunzi walifundishwa Kirusi kwanza. Sisi tuliotoka shuleni tukidhani Kiingereza ni ufunguo wa milango yote tulijifunza hapo kwamba iko milango mingine.

Basi binti yetu akawa mkalimani. Msaidizi aliuliza mtoto alipewa dawa saa ngapi. Mama akajibu, "Mwambie saa mbili." Mtoto akafasiri neno kwa neno: "Zwei Uhr." Lakini saa mbili ya Mjerumani asubuhi ni saa nane ya usiku kwetu. Yule msaidizi alitazama saa ya ukutani, ikiwa karibu saa nne kwa hesabu yetu, akaona muda wa kutosha umekwisha kupita, akaleta dawa ya namna ile ile, akaanza kuipima. Kumbe hata muda wa saa mbili ulikuwa haujatimia.

Mke wangu aliitambua chupa. Akaweka kiganja chake juu ya kijiko, akasema neno moja alilokuwa nalo, "Nein." Kisha akatwaa kalamu mezani akaandika 8.00, akaonyesha chupa, akaonyesha mtoto, akaonyesha saa ya ukutani. Msaidizi akafahamu, akaondoa dawa, akamshika mkono kwa shukrani. Mtoto wetu alipona baada ya siku tatu.

Jioni ile nilisimuliwa mambo haya, nikaanza kukasirika, lakini sikupata wa kumkasirikia. Msaidizi hakukosa, maana aliandika aliloambiwa. Binti hakukosa, maana alifasiri alilolisikia. Kosa lilikuwa langu, niliyekubali mtoto wa darasa la kwanza awe mdomo wa mama yake. Mke wangu akaniambia polepole, "Baba watoto, tangu tufike nchi hii, leo nimekuwa muuguzi kwa dakika moja. Wewe una kazi, watoto wana shule. Mimi nina jiko." Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo tulibadili mambo matatu. Kwanza, mtoto hafasiri tena mambo ya daktari, ya ofisi wala ya fedha. Mimi mwenyewe nilijiandikisha katika masomo ya jioni, nami nikaacha kujificha nyuma ya Kiingereza cha maabara. Pili, mtoto mdogo alipopata nafasi mwezi wa Machi, mke wangu aliingia katika mafunzo ambayo serikali huwapa wageni, yenye vipindi 600 vya lugha na 100 vya sheria, historia na desturi za nchi. Siku ambazo mtoto aliugua au shule yake ilifungwa, mimi ndiye niliyeomba ruhusa kazini, si yeye aliyekosa darasa. Wengine katika maabara walinitazama, lakini nikazoea.

Tatu, mezani twasema Kiswahili tu. Watoto walikuwa wameanza kujibu kwa Kijerumani, na bibi yao huko Tororo akaniuliza katika simu, "Mwanangu, hawa wajukuu wangu wanasema nini?" Swali hilo liliniuma. Sikutaka mke wangu afike huku watoto wakiondoka. Tena tuliwafundisha kusema saa kwa namna mbili, ya nyumbani na ya huko, na kila wanapotaja saa lazima wataje ni saa ya nani. Imekuwa mchezo wao, lakini sisi wazazi twajua ulikotoka.

Mwezi wa Julai 2024, mwaka mmoja kamili tangu tushuke uwanjani, nilikuwa nikiosha vyombo nikamsikia mke wangu anapiga simu. Alikuwa akiomba siku ya mtoto kuchanjwa. Alisema taratibu, akakosea, akajisahihisha. Kisha nikamsikia akiuliza, "Halb acht? Yaani saa saba na nusu, siyo saa nane na nusu?" yote kwa Kijerumani, akaandika katika karatasi, akaaga. Akanigeukia akasema, "Usichelewe, Baba watoto." Siku hiyo ndiyo aliyofika Ujerumani. Hivi sasa anasomea ile ngazi ya B2 ili arudie kazi yake.

Wanafunzi wenzangu, wengi wenu mtasafiri, na wengine mtasafiri na wake, waume na watoto. Nawaomba msipime safari kwa yule aliyefika mbele. Mwenye kazi hufika kwanza, mtoto humfuata kwa sababu ya shule, na aliyeacha kazi yake ili awafuate ninyi ndiye hufika mwisho. Mngojeeni. Na wakati mnamngojea, msimwambie kwamba nyumba ina maji moto. Mwulizeni anahitaji nini ili afike, kisha mfanye hilo kabla ya jambo jingine lolote.