Kilele si Kishindo: Vita vya Walio Hai na Wafu katika Game of Thrones

Mwambie mtahiniwa akuonyeshe kilele cha hadithi yoyote, na aghalabu atakuelekeza mahali palipomwagika damu nyingi zaidi. Kosa hili hugharimu alama. Kilele ni pale ambapo mgogoro uliojengwa tangu mwanzo hauwezi tena kuahirishwa. Hebu tutumie mfano ambao baadhi ya wanafunzi wanaujua kuliko vitabu teule: vita vya Winterfell katika tamthilia ya runinga ya Game of Thrones, kipindi kiitwacho The Long Night kilichoonyeshwa tarehe 28 Aprili 2019. (Mwalimu mwenzangu, simulia tu, usionyeshe. Tamthilia hii ina uchi na ukatili usiofaa darasani.)

Onyesho la kwanza kabisa, mwaka 2011, linatupeleka nje ya Ukuta wa barafu ambapo walinzi wanashambuliwa na viumbe wa baridi na wafu waliofufuka. Baada ya hapo wakubwa wanapigania kiti cha enzi msimu baada ya msimu, ilhali mtazamaji anajua kwamba yupo adui asiyekitaka kiti hicho. Hicho ni kinaya, na ndicho kinachoubeba mgogoro hadi Winterfell.

Taharuki ya usiku ule inastahili kuchunguzwa. Wapanda farasi wa Dothraki wanatimka gizani, panga zao zikiwaka moto. Pigano lenyewe twaliona kwa mbali tu: ndimi za moto zinazimika moja baada ya nyingine, kisha kimya, kisha farasi na watu wachache wanarudi mbio. Watazamaji wengi walilalamika kwamba kipindi hicho cha dakika 82 kilikuwa na giza mno. Huenda walikuwa na haki kwingineko, lakini hapa giza ndilo mbinu yenyewe.

Wasioweza kupigana nao wamefichwa katika makaburi ya chini ya ngome. Mfalme wa Usiku anainua mikono, na waliozikwa humo wanaamka. Tambua pia kwamba mhusika huyu hatamki neno hata moja katika tamthilia nzima. Sifa zake zote twazipata katika matendo.

Sasa tuje kwa Arya. Anamrukia Mfalme wa Usiku, anakabwa shingo, analiachilia jambia likaangukia mkono wake wa pili, anamchoma. Je, ni sadfa? Wengi wanadai hivyo. Sikubaliani nao. Jambia hilo tuliliona msimu wa kwanza, muuaji alipotumwa kwa Bran, mdogo wake Arya. Ujanja wa kubadilisha mkono aliuonyesha msimu wa saba akifanya mazoezi na Brienne. Tukio limeandaliwa.

Hata hivyo, kuandaa tukio si kuandaa mgogoro. Aliyejengwa kuwa hasimu wa Mfalme wa Usiku ni Jon Snow. Walikodoleana macho kule Hardhome katika msimu wa mwaka 2015. Usiku wa vita Jon amebanwa nyuma ya kifusi na joka mfu, na swali tulilobeba kwa miaka linajibiwa na mtu mwingine. Waandishi walitaka kutushangaza, wakafaulu, ila kwa gharama hiyo. Isitoshe, kipindi hiki ni cha tatu kati ya sita vya msimu wa mwisho. Wafu wakishashindwa, walio hai wanarudia kugombea kiti. Vita hivi basi ni kilele cha mgogoro mmoja, wala si cha kazi nzima.

Mtahiniwa akitetea ushindi wa Arya, mpe alama iwapo amelitaja jambia. Akiupinga, mpe pia iwapo amemtaja Jon. Akiandika kwamba ni kilele kwa sababu watu wengi walikufa, mrudishe kwenye onyesho la kwanza.