Roho Juujuu Septemba Ikifika Boston

Ligi Kuu ya soka Tanzania Bara ina michezo 30 kwa kila timu. Timu ya besiboli katika ligi kuu ya Marekani hucheza 162, kuanzia machipuko hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku. Shabiki wa soka akifungwa Jumamosi, aghalabu ana siku kadhaa za kuuguza kidonda. Wa besiboli anafungwa leo usiku na kesho jioni yuko palepale tena. Ndivyo wanavyoishi watu wa Boston na majimbo ya New England na timu yao, Red Sox. Huko timu hairithiwi peke yake. Mtoto hukabidhiwa na hofu yake.

Hofu hiyo ina sababu. Baada ya ubingwa wa 1918, mmiliki wa klabu alimuuza Babe Ruth kwa Yankees wa New York, na Boston haikuuona ubingwa tena hadi 2004. Watu wakasema ni laana. Mimi siamini laana, ila simcheki aliyeanza kuamini mwaka 1978. Mwezi Julai Red Sox walikuwa mbele ya Yankees kwa michezo 14. Msimu ulipokwisha timu hizo zilikuwa sawa, ikabidi uchezwe mchezo mmoja wa kuamua, Oktoba 2, nyumbani kwao Fenway Park. Bucky Dent, ambaye hakusifika kwa nguvu za kupiga, aliupiga mpira ukavuka ukuta mrefu wa kijani upande wa kushoto. Mpaka leo wapo wasiolitaja jina lake bila kulichomekea tusi katikati, na tusi hilo wamelirithi hata ambao hawakuwa wamezaliwa.

Mbio za kuwania nafasi ya mtoano zina hesabu zake. Asubuhi, kabla ya habari nyingine yoyote, husomwa msimamo: tumeachwa michezo miwili na nusu. Nusu hiyo hutokea pale timu moja inapokuwa imecheza mchezo mmoja zaidi ya nyingine. Kisha kuna namba ambayo kila shabiki huihesabu kichwani: chukua 163, toa ushindi wa anayeongoza, toa vipigo vya anayemfuata. Ikifika sifuri, umepita. Kwa kuwa hushuka pia mpinzani anapofungwa, shabiki hufuatilia michezo miwili kwa pamoja, na ule wa mbali ndio humnyima usingizi zaidi. Kwenye ukuta ule wa Fenway kuna ubao wa matokeo unaobadilishwa kwa mkono, wenye habari za viwanja vingine. Namba ikigeuzwa, jukwaa huweza kulipuka kwa shangwe ilhali mbele yao hakuna kilichotokea.

Miiko nayo haikosi. Kofia hugeuzwa ndani nje timu inapotafuta kusawazisha. Fulana iliyoleta ushindi haifuliwi. Wanaofanya hivyo ni wahasibu, ni madaktari. Tatizo ni kwamba mchezo wenyewe hauna muda maalumu wa kumalizika: hakuna kipenga cha mwisho cha kusubiri, mpaka mpigaji wa mwisho atolewe, na huyo wa mwisho anaweza asitoke.

Waulize kuhusu 2011. Mwanzoni mwa Septemba Red Sox walikuwa mbele ya Tampa Bay Rays kwa michezo 9 katika mbio hizo za mtoano. Mwezi ule wakashinda 7 na kupoteza 20. Usiku wa Septemba 28, msimu ukiisha, timu hizo zilikuwa sawa. Boston walikuwa Baltimore. Tampa Bay walikuwa wakicheza na Yankees haohao. Basi watu waliolelewa kuwachukia Yankees wakajikuta wakiwaombea dua, na Yankees wakaongoza 7-0! Sijui adhabu kali zaidi ya hiyo kwa shabiki. Tampa Bay wakasawazisha. Kule Baltimore, Red Sox wakiwa mbele 3-2, ikibaki kumtoa mtu mmoja tu, wakafungwa 4-3. Dakika chache baadaye Evan Longoria akaupiga mpira nje ya ukuta, Tampa Bay wakashinda 8-7, nafasi ikawa yao.

Siku mbili baadaye kocha Terry Francona aliondoka. Kisha magazeti yakaandika kwamba baadhi ya warusha mpira walikuwa wakila kuku wa kukaanga na kunywa bia chumbani wakati wenzao wanacheza, na Boston ikapata la kubishania: kuku.