Spika Iliyobonyea: Tuamini Jicho au Sikio?

Kwa michango ya wanachama, tulinunua spika mbili kuukuu hapa Nechells, Birmingham, kwa ajili ya usiku wetu wa taarabu. Tulipozifungua, moja ilikuwa imebonyea katikati ya koni ya besi. Wengine walitaka zirudishwe papo hapo.

Tukazipima kwanza. Tulisukuma koni taratibu kwa vidole, pande zote sawasawa. Hatukusikia mkwaruzo, basi koili ilikuwa ikicheza huru ndani ya sumaku. Ukingo wa mpira haukuchanika. Kisha tukapiga wimbo uleule, kwa sauti ileile, spika moja baada ya nyingine, wasikilizaji wakiwa wametazama ukutani. Udi, fidla, kanuni: hakuna aliyezitofautisha.

Kifuniko kile cha katikati kazi yake kubwa ni kuzuia vumbi lisifike kwenye koili. Kikibonyea kidogo kwenye besi, aghalabu huharibika sura tu. Ingekuwa kwenye twita, tungeogopa: kuba lake ndilo linalotoa sauti nyembamba, na kanuni ingepoteza mng'aro.

Wahenga walisema kusikia si kuona. Kwa spika, wenzetu, kuona nako si kusikia.